Maji ya ziada yanavyokula mtaji wa muuza mimea ya ukame

WAFANYABIASHARA wa maua ya vyunguni wamezoea kuhofia jua kali na udongo kukauka. Kwa bidhaa nyingi za kitalu hofu hiyo ina msingi. Lipo, hata hivyo, kundi moja la mimea ambalo hasara yake kubwa haitokani na kiu bali na keni ya kumwagilia. Nalo ni kundi la mimea ya ukame, yaani ile yenye majani, mashina au mizizi minene inayohifadhi maji. Humo wamo shubiri, sansevieria, waridi la jangwani, zamioculcas, kalanchoe, minyaa ya aina mbalimbali na kakati.

Kundi hili lina mvuto wa pekee kwa mtu mwenye mtaji mdogo. Mmea mama mmoja huzaa miche mingi bila gharama ya mbegu, chungu hakihitaji mhudumu wa kila siku, na bidhaa inaweza kukaa miezi kadhaa ikisubiri mnunuzi bila kupungua thamani, jambo ambalo muuza maua ya kukata hawezi hata kuliota. Sifa hizo hizo ndizo zinazowafanya wengi waingie katika biashara hii bila kujifunza. Mmea unasifiwa kuwa haufi, mnunuzi anaamini, na baada ya wiki chache shina limekuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Somo la wiki hii linahusu namna uharibifu huo unavyotokea, namna ya kuuzuia tangu kitaluni, na kipi kinaweza kuokolewa pale ambapo uozo umekwisha kuingia.

BIDHAA YA NYUMBANI

Sehemu kubwa ya mimea hii si migeni kwa Afrika Mashariki. Waridi la jangwani, ambalo jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, linaota lenyewe katika nyika za Kenya na Tanzania, na utomvu wake wenye sumu ulitumiwa na wawindaji kupaka mishale. Bonde la Olduvai, linalojulikana duniani kwa mabaki ya binadamu wa kale, limepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai, oldupai, ambalo ni jina la sansevieria pori inayoota hapo. Zamioculcas nayo, ambayo wengi huifupisha kwa herufi ZZ, ni mmea wa ukanda wa mashariki ya Afrika kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Pamoja na hayo, ni vitalu vya Uholanzi vilivyoanza kuuzalisha kwa wingi karibu mwaka 1996 na kuugeuza kuwa pambo la maofisi ya Ulaya na Marekani. Mfanyabiashara wa Tanga au Mombasa anaweza kulitazama jambo hilo kwa uchungu, naye atakuwa na haki.

Cha kuzingatia kwa somo hili ni mahali mimea hiyo inapotoka. Huota kwenye miamba, changarawe na mchanga. Mvua inaponyesha, hunyesha kwa nguvu, maji hupita haraka, na baada ya siku chache mizizi iko kwenye udongo mkavu wenye hewa. Kisha huja wiki nyingi bila tone. Mmea hujaza ghala lake wakati wa neema na kulitumia taratibu.

Chungu cha dukani kwa kawaida hufanya kinyume chake. Udongo ni mfinyanzi uliochanganywa na samadi, chini kuna sahani iliyojaa maji, na mhudumu anapita kila asubuhi kuongeza kikombe kimoja. Mmea haupati mafuriko wala ukame, unapata tope la kudumu.

MZIZI UNAVYOKUFA

Wengi hudhani mmea huoza kwa sababu "umekunywa" maji mengi kupita kiasi. Maelezo hayo yanapoteza, kwa kuwa yanamfanya mtu apunguze kipimo cha maji huku akiacha kasoro yenyewe mahali pake.

Mzizi unapumua. Kati ya chembe za udongo kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na mzizi huchukua oksijeni humo. Udongo ukilowana wote, nafasi hizo hujaa maji, na oksijeni husafiri ndani ya maji kwa kasi ndogo mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani. Hali hiyo ikidumu saa chache mmea huvumilia. Ikidumu siku nyingi, ncha za mizizi hufa kwa kukosa pumzi.

Mzizi uliokufa ni chakula. Vimelea wa jamii ya Pythium na Phytophthora, ambao mbegu zao huogelea ndani ya maji ya udongo, huingia kupitia hapo, na ukungu wa Fusarium hufuata. Phytophthora si jina geni katika kilimo, kwani jamii hiyo hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa wa mnyauko wa viazi mviringo, ule ulioleta njaa kubwa nchini Ireland kuanzia mwaka 1845. Baada yao huja bakteria wanaoyeyusha nyama ya shina na kuacha ute wenye harufu mbaya. Muuzaji anapoisikia harufu hiyo, mara nyingi kazi ilianza wiki mbili au tatu nyuma, chini ya udongo ambako macho hayafiki.

Kuna sababu nyingine inayoongeza hatari. Mimea mingi ya kawaida hufungua vitundu vya majani mchana na kupoteza maji mengi kwa jua. Mimea mingi ya ukame hufunga vitundu hivyo mchana na kuvifungua usiku, wakati hewa ina ubaridi na unyevu. Kwa njia hiyo huvuta maji machache sana kutoka udongoni. Chungu chenye ua la majani mapana kinaweza kukauka kwa siku mbili, ilhali chungu cha ukubwa huo huo chenye sansevieria kikabaki na unyevu kwa wiki mbili. Kuvipanga vyungu hivyo viwili katika mstari mmoja na kuvimwagilia kwa bomba moja ni kuamua mapema kwamba kimoja kitapotea.

MTEGO WA MAJANI YALIYONYAUKA

Hapa ndipo mtaji mwingi unapopotelea, na panastahili kusomwa kwa makini.

Mmea wenye kiu huonyesha majani yaliyosinyaa na kuwa na mikunjo. Mmea ulioharibiwa na maji huanza kwa majani ya chini kuwa ya njano, kisha laini, kisha kama kioo chenye maji ndani, na hudondoka kwa kuguswa tu. Hadi hapo tofauti ni dhahiri. Tatizo ni kwamba mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi tena kuvuta maji, hata kama umesimama kwenye tope. Matokeo yake nao husinyaa na kukunjamana kama wenye kiu. Muuzaji huiona mikunjo, huongeza maji, na mikunjo huzidi, naye huongeza tena.

Kwa hiyo jani peke yake si ushahidi. Majani yamesinyaa na udongo ni mkavu hadi chini: mmea una kiu, upewe maji, na baada ya siku mbili tatu utajaa tena. Majani yamesinyaa na udongo umelowa: mizizi imeoza, na tone moja zaidi ni hasara. Kujua hali ya chini hakuhitaji chombo cha gharama. Kijiti cha mshikaki kikichomekwa hadi chini ya chungu na kuachwa dakika chache kitatoka safi au kitatoka na udongo uliogandamana. Wazoefu huinua chungu tu. Aliyekiinua kikiwa kikavu mara moja na kikiwa kimelowa mara moja hatasahau tofauti ya uzito wake.

HESABU YA HASARA

Tuchukue mfano wa muuzaji aliyeweka vyungu 60. Kila kimoja kimemgharimu shilingi 4,000 na anakiuza shilingi 7,000. Mtaji wake ni shilingi 240,000, na vikiuzwa vyote ataingiza shilingi 420,000, faida ya shilingi 180,000 kabla ya pango na usafiri.

Vyungu 12 vikioza, yaani kimoja katika kila vitano, mauzo yanashuka hadi shilingi 336,000 na faida inabaki shilingi 96,000. Hasara ya sehemu moja ya tano ya mzigo imekula karibu nusu ya faida. Vikioza 24, faida ni shilingi 12,000, fedha ambayo nauli ya mzigo peke yake inaweza kuimaliza. Vikioza 26, amerudi nyuma kwa shilingi 2,000, na miezi yake ya kazi haijalipwa.

Sasa tuseme ameamua kuchanganya udongo unaofaa, na mchanganyiko huo unamwongezea gharama ya shilingi 300 kwa kila chungu. Kwa vyungu 60 ni shilingi 18,000. Fedha hiyo ni chini ya thamani ya mauzo ya vyungu vitatu. Bei hizi ni za mfano na kila mmoja aweke zake, lakini ni vigumu kupata bei ambazo zitaifanya hesabu hiyo iegemee upande wa udongo mbaya.

Aidha, hesabu hiyo haijagusa chungu kinachooza baada ya kuuzwa. Mteja aliyenunua mmea "usiokufa" ukamfia mkononi hununua cha pili mara chache sana.

UDONGO NA CHUNGU

Kinga huanza kwenye udongo wala si kwenye ratiba ya maji. Udongo mzuri wa mimea hii hupitisha maji ndani ya sekunde chache na kubaki na hewa. Kipimo kinachofaa kuanzia ni nusu chenga ngumu na nusu udongo wa tifutifu wenye mboji iliyooza sawasawa. Kwa kakati na waridi la jangwani, chenga zinaweza kufika theluthi mbili.

Chenga hizo ni zipi? Hapa mahali alipo mfanyabiashara ndipo panapoamua. Walio karibu na Naivasha wana mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, ambayo ni bora kuliko karibu kila kitu. Arusha na Moshi kuna changarawe ya volkeno. Pwani, ambako mawe hayo ni ya kusafirishwa, matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa hufanya kazi nzuri, na chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia, ambazo muuza mkaa huziuza kwa bei ndogo, husaidia pia. Mchanga wa mto wenye punje kubwa unafaa. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, kwani huziba nafasi zile zile zinazotafutwa. Mchanga wa baharini una chumvi na usitumike kabisa. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri kwa miche michanga lakini hushika maji mno, kwa hiyo kwenye mchanganyiko huu liwe kidogo.

Samadi mbichi iachwe. Huchoma mizizi na huleta ukuaji wa haraka wenye nyama laini, ambao ndio wa kwanza kuoza.

Kuhusu chungu, sharti la kwanza ni tundu. Vyungu vya kauri visivyo na tundu huuzika kwa urembo wake, na hakuna ubaya kuviuza, mradi mmea ubaki kwenye kopo lake lenye matundu na kopo liwekwe ndani ya pambo hilo. Wakati wa kumwagilia hutolewa, hunyweshwa, huachwa lichuruzike, kisha hurudishwa. Viriba vya plastiki vinafaa kwa miche, ila vitobolewe chini na ubavuni karibu na chini. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua kupitia kuta zake na hukausha haraka kuliko plastiki. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya siku kadhaa.

Ipo desturi moja ambayo imeenea sana na haina faida: kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu "ili maji yapite". Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake umeshiba kabisa. Kokoto hazipunguzi tabaka la tope, hulipandisha juu likawa karibu zaidi na mizizi. Anayetilia shaka achukue sifongo ya kuoshea vyombo, ailoweshe na kuishika ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Kisha aisimamishe wima. Maji yatatoka tena, kwa kuwa kimo kikiongezeka maji hupata nguvu ya kushuka. Kwa sababu hiyo chungu kirefu huchuja vizuri kuliko kifupi chenye udongo ule ule, na chungu kifupi hudai chenga zaidi. Kipande cha wavu au kigae juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Ukubwa nao una gharama yake. Mche mdogo kwenye chungu kikubwa umezungukwa na udongo ambao hakuna mzizi wa kuukausha. Chungu kizidi mizizi kwa vidole viwili hivi kila upande, si zaidi.

MAJI, MVUA NA BARIDI

Kanuni ya kumwagilia ni fupi: mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudi mpaka udongo umekauka hadi chini. Kikombe kidogo kila siku ni kibaya kuliko ndoo moja kila baada ya wiki mbili, kwa sababu hakiruhusu hewa kurudi. Kumwagilia kwa kalenda, mathalani kila Jumatatu, kunafaa tu pale ambapo kila Jumatatu ina jua lile lile.

Na haina. Dar es Salaam na ukanda wote wa pwani, masika ya Machi hadi Mei huleta mvua nyingi pamoja na hewa yenye unyevu ambayo haikaushi kitu. Chungu kilichokauka kwa siku tano mwezi Februari kinaweza kukaa siku kumi na tano mwezi Aprili. Muuzaji wa kandokando ya barabara asiye na paa hana budi kutafuta angalau karatasi ya plastiki angavu juu ya fito, pande zote zikiachwa wazi ili upepo upite. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na tena zile za mwishoni mwa 2023, zilionyesha kwamba vuli nayo haiaminiki.

Nairobi hasara huja kwa njia nyingine. Kuanzia Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Waridi la jangwani, ambalo ni mmea wa joto, hupunguza ukuaji na huanza kudondosha majani baridi inaposhuka chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Wakati huo mizizi imelala na haivuti maji. Shehena iliyokuzwa katika joto la Mombasa, ikafikishwa kwa wauzaji wa Ngong Road mwezi Julai na kunyweshwa kama ilivyozoea kunyweshwa Mombasa, itaoza. Mnunuzi wa jumla atasema aliuziwa mzigo mbovu na mkulima atasema mzigo uliondoka ukiwa mzima, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Katika miezi hiyo ni afadhali mmea ulioacha majani ubaki mkavu kabisa mpaka uanze kuchipua wenyewe.

TIBA

Uharibifu ukigundulika, jambo la kwanza ni kujua umefika wapi, kwani kila hatua ina kazi yake.

Kama udongo umelowa lakini shina ni gumu na majani machache tu ndiyo ya njano, mmea haujaoza, umebanwa pumzi. Utolewe kwenye sahani, upelekwe kwenye kivuli chenye upepo, na uachwe. Ukitaka haraka, toa bonge lote la udongo kutoka kwenye chungu bila kulivunja na ulisimamishe usiku mmoja juu ya magazeti makavu, ukiyabadilisha yanapolowa. Magazeti ya wiki iliyopita, ukurasa huu ukiwemo, hufaa sana kwa kazi hiyo.

Kama mizizi imeoza lakini shina bado gumu, udongo wote uondolewe na mizizi ioshwe. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ukiuvuta ganda huvuka na kuacha uzi. Yote iliyooza ikatwe. Kisu au wembe ufutwe kwa spiriti kabla ya kukata na baada ya kila mkato, mbali na moto. Wengi huliruka hilo na ndivyo wanavyoupeleka ugonjwa kutoka mmea mmoja hadi wa kumi.

Kama uozo umepanda kwenye shina, kata juu ya sehemu laini na utazame uso wa mkato. Uso safi una rangi moja. Kidoa cha kahawia au pete nyeusi katikati ni alama kwamba ugonjwa uko juu zaidi. Futa kisu, panda sentimita moja, kata tena, na uendelee mpaka pawe safi pote. Huruma hapa haina faida, kwani kidoa kilichoachwa leo kitakuwa shina zima baada ya wiki mbili. Mwenye kukata minyaa avae glavu na alinde macho, kwa maana utomvu wake mweupe huunguza, na utomvu wa waridi la jangwani ni sumu.

Baada ya kukata huja kazi ngumu kuliko zote kwa mtu aliyezoea kumwagilia: kutofanya chochote. Mkato uachwe wazi kwenye kivuli chenye upepo mpaka ugande na kuwa kama gamba. Majani na vipande vyembamba huchukua siku mbili hadi nne. Mashina manene ya kakati na waridi la jangwani huchukua wiki moja hadi mbili. Unga wa salfa husaidia kukausha na kuzuia ukungu. Dawa za ukungu zenye shaba hulinda sehemu nzima lakini hazifufui iliyokufa, na anayemwaga dawa kwenye chungu kilichojaa tope ananunua hasara ya pili. Kisha mmea upandwe kwenye mchanganyiko mpya mkavu na ukae takriban wiki moja bila maji. Mbolea isubiri mpaka majani mapya yaonekane.

Kama kitovu cha ukuaji chenyewe kimekuwa laini, utupwe pamoja na udongo wake. Udongo huo usirudishwe kwenye lundo la mboji. Chungu kioshwe na kulowekwa kwa dakika kumi au zaidi katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji.

KINACHOOKOLEWA KINA BEI GANI

Kuokoa mmea na kuokoa bei yake ni mambo mawili tofauti. Sansevieria yenye kingo za njano ni mfano mzuri. Majani yake mazima yakikatwa vipande vya sentimita 7 hadi 10 na kupandwa upande ule ule uliokuwa chini, yataota. Lakini miche itakayotoka itakuwa ya kijani tupu, bila ile njano ambayo ndiyo iliyolipiwa. Njano hubaki pale tu mmea unapogawanywa kwa kipande cha shina la chini ya udongo. Kwa hiyo uozo ukigunduliwa mapema, wakati shina hilo bado lina sehemu nzima, bei imeokolewa. Ukigunduliwa baadaye, kilichobaki ni bidhaa ya daraja la pili.

Waridi la jangwani lililooza tumbo linaweza kuendelea kwa tawi, na rangi ya ua itabaki ile ile. Ila tawi lililopandwa mara chache hutoa lile tumbo nene linalopandisha bei. Wenye ujuzi huliunganisha tawi hilo na mche uliotokana na mbegu, na hapo thamani hurudi baada ya muda. Shubiri haioti kwa jani. Kinachookolewa ni kichwa chenye kipande cha shina, au machipukizi ya pembeni ambayo mara nyingi hubaki mazima hata mama akifa. Zamioculcas ina viazi chini ya udongo, kikioza kimoja kikatwe na vingine vibaki. Hata kijani kimoja chake huweza kutoa kiazi kipya, lakini kwa miezi mingi, na muuzaji mwenye pango la kulipa asiuhesabu huo kuwa mzigo wa msimu.

Aliyepoteza nusu ya mzigo wake hushawishika kwenda porini kung'oa mimea ya kufidia. Mbali na uharibifu wa mazingira, ni biashara mbaya. Mmea ulioning'olewa una mizizi iliyokatika pande zote, na huo ndio wa kwanza kuoza ukipandwa na kumwagiliwa siku hiyo hiyo. Mwenye ndoto ya kuuza nje akumbuke pia kwamba shubiri zote isipokuwa Aloe vera, pamoja na minyaa minene, zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na havuki mpaka nazo bila kibali.

Mimea iliyotibiwa isichanganywe na mizima mstari wa mbele kabla ya muda wake. Ipo njia rahisi ya kuijua iliyo tayari: shika shina karibu na udongo na uvute kidogo kuelekea juu. Mmea usio na mizizi hutoka au huyumba kama msumari uliolegea. Wenye mizizi mipya hushikilia, na majani yake hujaa baada ya maji ya kwanza badala ya kuendelea kusinyaa. Ukipita majaribio hayo mawili, urudi kwenye bei ya kawaida. Usiopita ubaki nyuma ya kitalu, hata kama mteja anaitaka kwa bei ya chini na fedha iko mkononi mwake.